Walikuwa korokoroni alipouawa, wakashtakiwa kumuua

SIAKAGO, EMBU

Siku ya korti Siakago huonekana barabarani kabla haijaonekana kortini. Matatu za kutoka Ishiara na Embu hushusha wazee wenye bahasha za kaki kwapani, na akina mama waliofunga stakabadhi ndani ya leso. Ukimwomba mmoja wao akuonyeshe alichobeba, atakufunulia ramani iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi ikatoboka kwenye mikunjo, barua ya chifu aliyestaafu zamani, na risiti zilizofifia wino. Wengi utakaowauliza hawakuja kwa wizi wala kwa talaka. Wamekuja kwa sababu ya shamba. Tangu serikali ianze kupima ardhi ya Wambeere mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuitoa mikononi mwa ukoo, muviriga, ili iwe hati ya mtu mmoja, ugomvi wa mipaka ulihama kutoka barazani ukaingia kizimbani, na mwingine haujatoka huko.

Ndiyo sababu mtu wa hapa akisikia kwamba kuna watu waliokaa rumande miezi mitano kwa kisa kilichoanzia kwenye mawe ya mpaka, hashangai sana. Huuliza jambo moja tu: nani aliapa dhidi yao?

Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa na wanaharakati. Tulipeleke Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ambako mwaka 2022 viongozi wa Wamasai walishtakiwa kwa mauaji, na dunia ikapaza sauti.

Mapema Juni mwaka huo, vikosi vya usalama viliingia Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kusimika vigingi kuzunguka eneo la kilomita 1,500 za mraba. Eneo hilo lilimegwa kutoka pori tengefu la kilomita 4,000 za mraba ambamo mna vijiji vilivyosajiliwa, malisho ya kiangazi na sehemu za kunyweshea mifugo. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama wa Serengeti, na kwamba kilomita 2,500 zilizobaki zimeachiwa wananchi. Wafugaji walisema hizo 1,500 ndizo zinazowavusha ukame, na kwamba hakuna aliyewauliza. Wakakumbusha pia kwamba tangu 1992 kampuni ya Ortello, yenye asili ya Falme za Kiarabu, imekuwa ikiwinda katika ardhi hiyohiyo. Mchungaji hulichungulia pori kwa mbali, mgeni mwenye bunduki ya kifahari huingia. Lawama hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 30, na haikuanzishwa na mzungu yeyote wa shirika lisilo la kiserikali.

Juni 9, viongozi kumi walikamatwa. Hawakuwa vijana wa mitaani. Wengi walikuwa madiwani, na kati yao alikuwemo mwenyekiti wa wilaya wa chama tawala, CCM. Kesho yake, Juni 10, wananchi na askari walikabiliana kwenye vigingi. Polisi walifyatua risasi na zaidi ya watu 30 wakajeruhiwa. Mamia walivuka mpaka kuingia Narok, Kenya, wengine wakitafuta matibabu, wengine wakijificha. Askari polisi Garlus Mwita alipigwa mshale, akafa.

Siku chache baadaye wale viongozi kumi walipandishwa kizimbani Arusha pamoja na wenzao, wakasomewa shtaka la kumuua Mwita.

Rudi kwenye tarehe. Walikamatwa tarehe 9. Askari aliuawa tarehe 10. Saa ambayo mshale ulitoka kwenye upinde, wao walikuwa mikononi mwa polisi wenyewe.

Nisije nikaonekana napiga porojo, sheria haikatai mtu kushtakiwa kwa mauaji yaliyofanyika akiwa mbali. Aliyepanga, aliyetuma, aliyenunua silaha, wote wanaweza kujibu shtaka moja na aliyefyatua. Lakini kupanga huacha alama: mkutano ulioshuhudiwa, simu iliyopigwa, mtu aliyekuwepo na yuko tayari kushika Biblia au Kurani na kusema alichosikia. Hapo ndipo swali la mzee wa Siakago linapokuwa zito. Nani aliapa?

Hakuna. Hakuna shahidi hata mmoja aliyepanda kizimbani katika kesi hiyo.

Nchini Tanzania shtaka la mauaji halina dhamana, na mahakama ya hakimu mkazi haina mamlaka ya kulisikiliza. Kazi yake ni kulitaja, kulipangia tarehe nyingine, na kungoja lipelekwe Mahakama Kuu. Kila tarehe ikifika, upande wa mashtaka husimama na kusema maneno ambayo kila ndugu wa mahabusu nchini humo anayajua kwa moyo: upelelezi haujakamilika. Washtakiwa hurudishwa ndani. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukaa gerezani bila hatia, bila hukumu, na bila hata kusikia ameonwa na nani akifanya nini. Idadi ya washtakiwa ilipanda, ikashuka, ikabaki 24. Novemba 22, 2022, mkurugenzi wa mashtaka aliwasilisha hati ya kutotaka kuendelea na kesi. Sheria haimlazimu kutoa sababu. Wote 24 wakatoka wakiwa wamekaa zaidi ya miezi mitano.

Kati ya Juni na Novemba kelele hazikukoma. Wataalamu huru wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko Juni 15. Amnesty International ililifuatilia suala hilo na mwaka uliofuata ikachapisha ripoti nzima. Wamasai wa upande wa Kenya waliandamana Nairobi. Serikali ya Tanzania nayo ilijibu kwamba hakuna aliyehamishwa kwa nguvu, na baadhi ya viongozi wake wakadai fujo zilichochewa na watu kutoka Kenya. Je, ni kelele zilizofungua mlango wa gereza? Siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni kwamba zilipigwa wakati faili bado liko wazi, na hilo lina uzito wake, kama tutakavyoona.

Mji mmoja, mwezi mmoja

Arusha ni mji wa mahakama za kimataifa. Pale ndipo inapokaa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Pale ndipo ilipo Mahakama ya Afrika Mashariki. Na Juni 23, 2022, huku madiwani wa Loliondo wakiwa mahabusu katika jiji hilohilo, majaji wa Mahakama ya Afrika waliketi na kuiamuru serikali ya Kenya kuwalipa Waogiek wa msitu wa Mau shilingi milioni 157.85 kwa kuwanyima ardhi ya mababu zao. Hukumu ya msingi ilikuwa imetolewa Mei 26, 2017. Jamii moja ya asili inashinda, viongozi wa nyingine wamefungiwa kilomita chache kutoka hapo.

Mtu angedhani basi mahabusu hao wa Loliondo wangeandika barua tu ivuke barabara. Haiwezekani. Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Uamuzi ulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Inachekesha, ila kwa wenyewe hakuna cha kuchekesha.

Vijiji vya Loliondo vilikuwa vimekimbilia mlango wa pili, Mahakama ya Afrika Mashariki, tangu 2017. Septemba 30, 2022 vikashindwa, mahakama ikisema ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba watu waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya hifadhi ya Serengeti. Tazama jinsi mambo yanavyorudi palepale: jiwe la mpaka liko wapi, na nani anaweza kuapa kwamba liko hapo. Novemba 29, 2023 kitengo cha rufaa kiliitupa hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya.

Upande wa pili wa bahari

Sasa tumtazame mtu ambaye kelele zilimjia akiwa amekwisha kuhukumiwa.

Leonard Peltier ni Mhindi Mwekundu, kama tulivyofundishwa kuwaita shuleni. Wenyewe hujitaja kwa mataifa yao, na yeye ni wa Chippewa wa Turtle Mountain, North Dakota. Miaka ya 1970 alikuwa katika American Indian Movement, vuguvugu lililodai serikali ya Marekani iheshimu mikataba iliyotia saini na wenyeji. Juni 26, 1975, maajenti wawili wa FBI, Jack Coler na Ronald Williams, waliingia kwenye ranchi moja katika hifadhi ya Pine Ridge, South Dakota, wakimsaka kijana aliyehusishwa na wizi wa viatu vya buti. Risasi zikaanza. Jioni ilipofika maajenti wote wawili walikuwa wamekufa, wakiwa wamepigwa risasi za mwisho kwa karibu, na Joe Stuntz, kijana wa vuguvugu, naye amekufa. Kifo cha Stuntz hakikumfikisha yeyote mahakamani.

Wanne walishtakiwa kwa vifo vya maajenti, na shtaka dhidi ya mmoja wao likaondolewa. Kesi ya wawili, Dino Butler na Bob Robideau, ilisikilizwa kwanza, Cedar Rapids, Iowa, na mwaka 1976 baraza la wazee wa mahakama likawaachilia kwa kukubali kwamba walikuwa wakijitetea. Peltier alikuwa amekimbilia Kanada. Alirudishwa Marekani kwa nguvu ya viapo vilivyoandikwa na mwanamke aitwaye Myrtle Poor Bear. Kiapo chake cha kwanza kilisema yeye mwenyewe hakuwepo maajenti walipouawa. Vilivyofuata vilisema alikuwepo, alimwona Peltier, tena alikuwa mpenzi wake. Baadaye alikana yote na kusema FBI walimtisha. Wakati wa kesi, Fargo, mwaka 1977, mawakili wa Peltier walimtaka aseme hayo mbele ya wazee wa mahakama. Jaji Paul Benson alikataa.

Peltier akafungwa vifungo viwili vya maisha, kimoja juu ya kingine.

Miaka ikapita. Kwa sheria ya uhuru wa habari, mawakili wake walipata nyaraka za FBI ambazo hawakuonyeshwa wakati wa kesi. Miongoni mwao ilikuwemo taarifa ya Oktoba 1975 kutoka maabara, iliyosema bunduki aliyohusishwa nayo ilikuwa na pini ya kufyatulia tofauti na iliyogonga maganda yaliyookotwa. Serikali ilijibu kwamba taarifa hiyo ilihusu maganda mengine, si lile moja lililotegemewa kortini. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba wazee wa mahakama wangeweza kumwachilia kama wangeiona, lakini ikasema kipimo cha sheria ni kikubwa zaidi ya hapo, hukumu ibaki. Jaji aliyeandika uamuzi huo, Gerald Heaney, alikuja kumwandikia seneta mwaka 1991 akiomba mfungwa ahurumiwe. Hata James Reynolds, mwanasheria wa serikali ambaye ofisi yake ilitetea kifungo hicho kwenye rufaa, aliandika barua za kumwombea.

Orodha ya waliomwombea ni ndefu: Nelson Mandela, Askofu Desmond Tutu, Dalai Lama, Bunge la Ulaya, Amnesty. Mwaka 2022 kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu vifungo vya kiholela kilisema aachiliwe. FBI nayo haikulala. Desemba 2000, ilipovuma kwamba Bill Clinton huenda akamsamehe, mamia ya maajenti waliandamana jijini Washington. Barack Obama alikataa mwaka 2017. Bodi ya kuwaachilia wafungwa ilikataa Julai 2024. Na tusiwapuuze maajenti hao: wenzao wawili walimalizwa wakiwa wamejeruhiwa, na Peltier mwenyewe hakukana kwamba alifyatua risasi siku ile, alikana kwamba ndiye aliyeua.

Januari 20, 2025, dakika za mwisho za urais wake, Joe Biden aligeuza kifungo hicho kuwa cha nyumbani. Februari 18 Peltier alitoka gereza la Coleman, Florida, akiwa na umri wa miaka 80, akarudi kwa watu wake Turtle Mountain. Biden hakumsamehe. Kwenye vitabu vya mahakama ya Marekani, Leonard Peltier ni muuaji hadi leo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba barua nyingi za watu mashuhuri zinaweza kurekebisha hukumu. Zinaweza kulegeza moyo wa rais. Hukumu ni kitu kingine. Huruma humtoa mtu gerezani bila mtu yeyote kulazimika kujibu ile taarifa ya maabara ilikuwa kabatini kwa nani.

Mmoja wetu aliapa

Kenya haina haja ya kwenda South Dakota kutafuta shahidi aliyegeuka. Desemba 1952, kwenye darasa la shule lililogeuzwa korti huko Kapenguria, Rawson Macharia aliapa kwamba alimwona Jomo Kenyatta akiwalisha watu kiapo mwaka 1950. Hakimu Ransley Thacker alimwamini, na Aprili 8, 1953 Kenyatta na wenzake watano wakafungwa miaka saba. Shtaka halikuwa la mauaji, lilikuwa la kuongoza Mau Mau, lakini namna kesi ilivyojengwa ni ileile.

Mwaka 1958 Macharia aliandika kiapo kingine: alidanganya, na serikali ya kikoloni ilikuwa imemwahidi safari ya Uingereza, masomo huko Exeter na kazi akirudi. Alichofanyiwa baada ya hapo ndicho kinachonikera kila nikikikumbuka. Alishtakiwa na kufungwa miezi 21, kwa kosa la kuapa uongo. Uongo uliotajwa haukuwa ule wa 1952, ulikuwa huu wa kusema kwamba wa 1952 ulikuwa uongo. Walioahidi safari hiyo hawakuulizwa kitu. Miaka mitano baadaye Kenyatta alikuwa waziri mkuu, lakini alifika huko kwa kura, hakufika kwa rufaa.

Baada ya hapo sheria zetu zimesogea, na hili lisemwe wazi kwa sababu wengi wanaopanga foleni Siakago hawalijui. Katiba ya 2010 inaruhusu dhamana hata kwa shtaka la mauaji, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Mkurugenzi wa mashtaka hawezi kuondoa kesi bila idhini ya korti, ile hati ya kimyakimya imekufa. Mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Na kifungu cha 50(6) kinampa aliyekwisha kuhukumiwa, ambaye rufaa zake zimekwisha au muda umempita, nafasi ya kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, mradi ana ushahidi mpya wenye nguvu. Msamaha wa rais uko kifungu cha 133, na hauna uhusiano na ombi hilo: ombi linauliza kama ulitenda, msamaha unauliza kama umeteseka vya kutosha.

Wafungwa wenyewe wamewahi kuisukuma sheria hii. Desemba 14, 2017, kwa ombi la Francis Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kila kosa la mauaji inakiuka Katiba. Uganda ilikuwa imefika huko mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ikaiambia Tanzania jambo hilohilo katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake. Lakini kesi zote hizo ziligusa adhabu. Kuhusu nani aliua, majaji hawakugeuza neno.

Na Garlus Mwita? Ni rahisi kumsahau katika makala kama hii. Aliuawa kazini, na kesi iliyoletwa kwa jina lake ilikufa bila shahidi hata mmoja kusikika. Waliowashtaki watu waliokuwa tayari korokoroni waliwanyima Wamasai haki, na walimnyima yeye pia, kwa sababu miezi mitano ya kulinda shtaka hilo ilikuwa miezi mitano ya kutomtafuta mwenye upinde.

Kwa hiyo msomaji, kama una jamaa anayekabiliwa na kesi ya namna hii hapa Kenya, usianze na Umoja wa Mataifa. Anza siku ya kwanza kutajwa, uwe ndani ya korti, uandike tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kosa, uzilinganishe. Dai maandishi ya mashahidi kabla kesi haijaanza. Kama hana uwezo na shtaka ni la mauaji, korti humpa wakili anayelipwa na serikali. Mtajie wakili huyo kila unachokijua, hata kinachokuaibisha. Akihukumiwa, siku za kuwasilisha ilani ya rufaa ni 14 tu. Na kabla ya kumwandikia askofu au balozi yeyote, nenda masjala uombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo mzima wa kesi, kwa sababu hapo ndipo jina la aliyeapa, na alichoapa, lilipoandikwa.